Nauli ikae na nauli: kupanga klasi za programu ya sacco

Kijana wa Umoja au Kayole, hapa Nairobi, akishamaliza kozi ya Java, kazi yake ya kwanza mara nyingi hutoka kwa mtu wa karibu: mjomba mwenye matatu mawili, au katibu wa sacco ya matatu aliyechoshwa na madaftari. Programu huanza na klasi chache tu: Gari, Dereva, Safari, Nauli, Mwanachama. Mwaka ukiisha klasi zimefika 80, nazo zimegawanywa katika pakeji nne: `models`, `controllers`, `services` na `utils`. Ndivyo alivyofundishwa, na ukiutazama mpangilio huo kwa haraka unapendeza. Kasoro yake huonekana siku mtu anapoomba badiliko la kwanza.

Tuseme mwenyekiti anataka abiria waweze kulipa nauli kwa M-Pesa pamoja na pesa taslimu. Utafungua `models` uongeze aina ya malipo, uende `controllers` upokee ombi, uingie `services` uandike hesabu yenyewe, kisha `utils`, kwa sababu huko ndiko kuna methodi ya kugeuza 0712 kuwa 254712. Umepita pakeji nne kwa badiliko moja, na katika kila pakeji umepishana na klasi za mikopo, za bima na za faini ambazo hazina habari na nauli. Hilo ni usumbufu, lakini unavumilika. Kuna baya zaidi ambalo halisemwi sana: ili klasi ya `services` iione klasi ya `models`, kila kitu imebidi kiwe `public`. Kwa hiyo hakuna kinachomzuia yeyote kuandika ndani ya klasi ya mikopo mstari unaogusa tumbo la malipo. Na kwa kuwa hakuna kinachomzuia, siku moja saa nane za usiku atauandika.

Kanuni ninayoifuata ni fupi: klasi zinazobadilika kwa sababu moja zikae pakeji moja. Si mpya. David Parnas aliandika mwaka wa 1972 kwamba mfumo ugawanywe kwa kutazama maamuzi yanayoweza kubadilika, kila sehemu ikificha uamuzi wake. Robert Martin akaja kuligeuza wazo hilo kuwa kanuni ya pakeji hasa. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kwenda mbali kupata ushahidi, kwa maana hakuna kitu kilichobadilishwa mara nyingi kama namna ya kulipa nauli. Mwaka wa 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay, ya kugusisha kwenye simu ya makanga. Kufikia 2015 ilikuwa imefungwa. Serikali nayo ilitangaza mwisho wa pesa taslimu kwenye matatu, na noti zikaendelea kukunjwa katikati ya vidole vya makanga kama kawaida. Leo abiria mmoja analipa kwa till, mwingine anatuma kwa namba ya simu, wa tatu ana sarafu. Aliyekuwa na pakeji moja ya malipo mwaka wa 2013 alifuta klasi zake za kadi akaenda kulala. Aliyetawanya neno kadi katika faili zote bado ana vipande vyake hadi leo.

Sasa, utajuaje pakeji zako ni zipi? Usianzie kwenye tarakilishi. Kaa ofisini kwa sacco asubuhi moja usikilize nani anaomba nini. Karani wa steji anataka kujua zamu ya magari na nauli ya saa hiyo. Mweka hazina anauliza hisa na mikopo. Msimamizi wa magari ana wasiwasi wa bima, ukaguzi wa mamlaka ya usafiri, NTSA, na dereva ambaye beji yake inakaribia kuisha. Kila mtu anayekuja na maombi yake ya mabadiliko ni dalili ya pakeji. Watu wawili wakiomba mabadiliko tofauti kwenye klasi ileile, klasi hiyo ina mambo mawili ndani yake, na pengine ipasuliwe kabla haijahamishwa. Kwa sacco yetu ya mfano nafika hapa:

```
ke.co.mfano.sacco
    njia
    nauli
    safari
    malipo
    magari
    wanachama
    mikopo
```

Ukisoma majina haya bila kufungua faili hata moja, unajua programu inafanya kazi gani. Ukisoma `models`, `controllers`, `services`, unajua tu kwamba mwandishi alisoma kozi.

Jina linaloanza na `ke.co` ni anwani ya tovuti iliyogeuzwa, desturi ya Java tangu mwanzo, ili pakeji yako isigongane na ya mtu mwingine duniani. Kama huna tovuti, tumia ya akaunti yako ya GitHub, kwa mtindo wa `io.github.jinalako`. Herufi ziwe ndogo zote, kistari kisiwemo, na jina lisianze na tarakimu. Hapa kuna mtego wa kienyeji. Wapo watakaotaka kufungua pakeji kwa kila njia ya matatu, 58 ya Buruburu, 6 na 9 za Eastleigh. Kompaila itaikataa pakeji inayoitwa `58`, wao watazunguka kwa kuandika `njia58`, na hapo watakuwa wameshinda kompaila na kushindwa kazi. Namba ya njia ni data. Njia mpya ikianza kesho, iongezwe kwenye hifadhidata kama safu mlalo moja; msimbo usiguswe. Pakeji hupangwa kwa aina za kazi, na kazi ya kubeba abiria wa 58 haina tofauti na ya kubeba wa 6.

Kabla hujabuni klasi zako za `njia` na `safari`, tazama kwanza jinsi watu waliokutangulia walivyozitenga. Mradi wa Digital Matatus, ulioleta pamoja Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT, Columbia na kampuni ya Groupshot, ulizungusha wanafunzi ndani ya matatu wakiwa na simu za kurekodi vituo, na mwaka wa 2014 ukatoa ramani na data ya njia zaidi ya 130 kwa muundo wa GTFS, ule wa kuandikia data ya usafiri wa umma. Katika muundo huo njia ina faili yake, vituo vina yao, na safari ina yake. Ni busara ya kuigwa. Njia ya 58 ipo hata saa tisa usiku ambapo hakuna gari barabarani. Safari ni gari fulani kuondoka steji saa fulani. Anayechanganya hivi viwili katika klasi moja atakuja kushangaa kwa nini akifuta safari ya jana, njia nzima inapotea kwenye ripoti.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo faida kubwa ya pakeji, na ambalo wengi hawalitumii kabisa. Katika Java, klasi isiyoandikwa `public` inaonekana ndani ya pakeji yake tu. Huhitaji neno la ziada, unaacha tu kuandika. Fikiria nyumba za Buruburu, zilizojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, zikiwa zimezunguka viwanja vidogo ambavyo wenyeji huita court. Nyingi leo zina geti. Ndani ya geti watoto wanaingia nyumba hii na ile bila kubisha. Anayetoka nje anapitia kwa mlinzi na kusema anamtaka nani. Pakeji iwe hivyo. Klasi za ndani zijuane kwa uhuru, na geti liwe moja au mawili.

Pakeji ya malipo inaonekana hivi:

```java
package ke.co.mfano.sacco.malipo;

public interface Mlipishaji {
    MatokeoYaMalipo omba(String simu, int shilingi);
}
```

```java
package ke.co.mfano.sacco.malipo;

class MlipishajiMpesa implements Mlipishaji {
    public MatokeoYaMalipo omba(String simu, int shilingi) {
        String namba = NambaYaSimu.kimataifa(simu);
        JibuLaDaraja jibu = tuma(namba, shilingi);
        return jibu.tafsiri();
    }
    // tuma() inaongea na Daraja, API ya M-Pesa
}
```

(Nimefupisha. Daraja halisi hupokea ombi kwanza, kisha hutuma jibu la mwisho baadaye kwenye anwani uliyoiandikisha, kwa hiyo usilizuie ombi la abiria likisubiri.)

Angalia kilicho `public`: intafesi `Mlipishaji` na `MatokeoYaMalipo`, ambayo ni enum yenye thamani kama YAMELIPWA, YAMEKATALIWA na YANASUBIRI. `MlipishajiMpesa`, `NambaYaSimu` na `JibuLaDaraja` zimefungiwa ndani. Daraja, ambayo Safaricom iliifungua mwaka wa 2017, hurudisha jibu lenye namba: 0 ni kwamba mteja amelipa, 1032 ni kwamba ameghairi kwenye simu yake. Namba hiyo 1032 inapaswa kuandikwa mahali pamoja tu katika programu nzima, ndani ya `tafsiri()`. Pakeji ya `safari` haina haja ya kuijua, na sasa hata ikitaka haiwezi, kwa sababu kompaila itaisimamisha getini. Nimeona miradi ambamo `if (code == 1032)` imo hadi kwenye skrini ya ripoti ya mwezi. Aliyeiandika hakuwa mvivu. Alikuta mlango uko wazi akapita.

Watu wa nje watampataje `MlipishajiMpesa` kama haonekani? Ukitumia Spring, klasi isiyo `public` inaweza kuwekewa `@Component` na ikatolewa kwa yeyote anayehitaji `Mlipishaji`. Bila Spring, weka klasi moja ya `public` yenye methodi tuli inayorudisha `Mlipishaji`, basi.

Hapa pana jambo linalowapiga chenga hata wazoefu. Ukifungua `malipo.mpesa` chini ya `malipo`, Java haioni uhusiano wowote kati yake na `malipo`. Majina yanafanana mwanzo, folda moja imo ndani ya nyingine, lakini kwa upande wa ruhusa ni pakeji mbili ngeni. Mkazi wa Umoja Innercore hapati ufunguo wa geti la Umoja One kwa sababu tu ya jina. Kwa hiyo ukigawa pakeji ndogondogo bila sababu, utajikuta unarudisha `public` kila mahali ili zionane, na faida yote imekwenda. Ushauri wangu ni kubaki na pakeji pana na bapa hadi idadi ya klasi ikulazimishe. Klasi 15 katika pakeji moja si aibu. Na programu ya klasi nane haihitaji pakeji zaidi ya moja. Mwenye kuipangia pakeji saba anajifurahisha.

Mzunguko ndio ugonjwa wa pili. `safari` inahitaji `nauli` ili kujua gari limeingiza shilingi ngapi. `nauli` nayo inataka kujua safari ilikuwa saa ngapi na kama mvua ilikuwa inanyesha, kwa sababu sote tunajua nauli ya kwenda Donholm inavyoruka tone la kwanza linapoanguka Jumatano jioni. Basi mtu anaandika:

```java
public int hesabu(Safari safari)
```

na `nauli` imeagiza `safari`, `safari` imeagiza `nauli`. Programu itaendeshwa bila lawama, kwa kuwa Java haikatazi. Ila tangu siku hiyo hizo si pakeji mbili tena. Huwezi kuelewa moja bila nyingine, wala kuijaribu peke yake, wala kuitoa uitumie kwenye programu ya sacco nyingine. Dawa ni kuuliza `nauli` inahitaji nini hasa. Haihitaji safari nzima pamoja na dereva na namba ya gari:

```java
public int hesabu(Kituo kutoka, Kituo kwenda, LocalTime saa, boolean mvua)
```

`Kituo` kinatoka kwenye `njia`, ambayo haimtegemei mtu. Sasa mshale unakwenda upande mmoja: `safari` inaitegemea `nauli`, `nauli` inaitegemea `njia`. Faida ya ziada ni kwamba jaribio la nauli limekuwa jepesi. Unatoa vituo viwili na saa, unapata shilingi. Huna haja ya kubuni gari na dereva wa uongo. Kuikagua hali hii huhitaji programu ya kununua. JDK inakuja na `jdeps`. Ukiiendesha kwa `-verbose:package` juu ya folda ya klasi zilizokwisha kutafsiriwa na kompaila, inakuonyesha pakeji ipi inaitegemea ipi. Kama mko wengi, ongezeni ArchUnit kwenye majaribio, na kanuni moja ya kukataza mizunguko itamkamata yeyote kabla msimbo wake haujaunganishwa na wa wenzake.

Kuhusu `utils`: ifute. Au tuseme, kila unapotaka kuweka kitu humo, jiulize ni nani anayekitumia. Kigeuzi cha namba ya simu kinatumiwa na malipo, kihamie `malipo`. Kikokotoo cha riba ni cha `mikopo`. Kikibaki kinachotumiwa na watu watatu kwa kweli, kipe jina la kazi yake, kama `fedha` kwa klasi ya kushika shilingi na senti. Java yenyewe ilijikwaa hapa. Ndani ya `java.util` kuna `ArrayList`, `Random`, `Locale`, `Scanner` na `Date`, vitu visivyo na undugu wowote. Tarehe ilipohitaji kutengenezwa upya, kwenye Java 8 ya mwaka wa 2014, ilipewa pakeji yake ya `java.time`, na `Date` ikabaki kule kwa sababu mamilioni ya programu zilikuwa zimeishikilia. Sacco yako haina watumiaji mamilioni. Hama mapema.

Pakeji pia hukuruhusu kutumia jina moja kwa vitu viwili halali. Sacco ina faini ya makanga aliyeacha steji kabla ya zamu, na ina faini ya mwanachama aliyechelewesha mkopo. Zote mbili ni `Faini` kwa wenyewe wanaozitumia, basi ziwe `magari.Faini` na `mikopo.Faini`, kila moja kwake, badala ya kuzibandika majina marefu kama `FainiYaMkopoUliocheleweshwa`. Ukiona faili moja inahitaji kuziagiza zote mbili, shughulika na faili hiyo kwanza. Huenda inafanya kazi za watu wawili.

Na kama programu tayari ipo, imejaa `models` na `services`, na wateja wanaitumia kila siku? Usiivunje yote. Chukua jambo moja, lile ambalo mwenyekiti ameliomba mwezi huu, ulihamishe lenyewe. Kwenye IntelliJ weka kishale kwenye klasi, bonyeza F6, chagua pakeji mpya, nayo itarekebisha mistari ya `import` kote. Hamisha tu, usirekebishe kitu kingine, kisha uweke komiti hiyo peke yake. Git hutambua faili iliyohama kwa kufanana kwake na ya zamani, na ukichanganya kuhama na kuandika upya huenda ukapoteza historia ya nani aliandika nini. Komiti ya pili ndiyo ya kuondoa neno `public`. Liondoe klasi kwa klasi, endesha kompaila, uone nani analalamika. Kila lalamiko ni mtu aliyekuwa akipitia dirishani. Amua kama umfungulie mlango rasmi au umrudishe kwake. Kisha tafuta jina la zamani la pakeji katika faili ambazo si za Java, kwa sababu jina lililoandikwa kama maneno ndani ya XML au mipangilio ya logi huenda likabaki la zamani, na utaligundua programu ikiwa tayari kwenye seva.

Wenye Spring Boot waiweke klasi yenye `@SpringBootApplication` juu kabisa, kwenye `ke.co.mfano.sacco`, maana Spring Boot hutafuta vijenzi kuanzia pakeji ya klasi hiyo kwenda chini. Ukiificha ndani ya pakeji ya `anza`, haitaziona `malipo` wala `nauli`, nawe utashinda ukitafuta hitilafu isiyokuwepo. Wenye Kotlin wajue hakuna ruhusa ya kiwango cha pakeji. Kuna `internal`, ambayo hufunga kwa kiwango cha moduli ya Gradle, kwa hiyo geti la kweli kwao ni kuifanya `malipo` moduli. Python inategemea adabu tu: alama ya mstari wa chini mwanzoni mwa jina ni ombi, si kufuli. Django angalau inakusukuma tangu mwanzo ugawe kwa kazi, kila kazi na app yake.

Tukirudi kwenye Java, majaribio yako yaandike katika pakeji ileile ya klasi unayoijaribu, ila chini ya `src/test/java`. Yataiona `NambaYaSimu` bila wewe kuifungulia mtu yeyote geti, na unaweza kuhakikisha kwamba 0712, +254712 na 254712 zote zinatoka zikiwa namba moja kabla shilingi ya abiria haijaguswa.